Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Kurekodi

(Muziki. Unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo nazungumza na nyinyi vijana mnaoazima kamera ya DSLR ili kurekodi simulizi za watu wetu.

Mwanzoni mwa 2008, Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walivuka mpaka wakaingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Tuseme unataka kumrekodi mama aliyepita njia hiyo. Si haki kumwomba arudie uchungu wake eti kwa sababu picha yako ilitikisika. Kwa hiyo, jifunze kwanza kwa vitu visivyoumia.

Boda boda ni jina lililozaliwa mpakani Busia, na baiskeli hazikosekani hata kambini. Simama kando ya njia. Tanua miguu, bana viwiko mbavuni, shika lenzi kwa mkono wa kushoto kutoka chini. Mkanda wa kamera uvutike shingoni. Baiskeli ikipita, geuza kiuno, si mikono. Ukipiga kitu kilichosimama, hesabu hadi kumi kabla ya kuzima. Lakini usielekeze kamera kwenye ofisi za forodha, uhamiaji au polisi bila kibali.

Weka fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50. Umeme wa Kenya na Uganda ni wa hezi 50, hivyo taa hazitametameta kwenye picha. Sisi tuko karibu na ikweta: saa sita mchana jua huwa utosini na macho ya mtu hugeuka mashimo meusi. Mketishe kivulini, au subiri saa kumi na moja jioni.

Siku ya mazungumzo, weka kamera kwenye stendi, au hata juu ya gunia la mchanga. Zima fokasi ya kujiendesha. Kuza picha kwenye kioo, lenga jicho lake, kisha usiguse tena. Maikrofoni ya kamera husikia upepo kuliko mtu, kwa hiyo weka simu inayorekodi sauti karibu naye. Tena, kamera nyingi za aina hii hukata kurekodi kabla ya dakika 30. Angalia alama nyekundu kila mara.

Na kabla ya yote hayo, muulize: video itaonwa na nani? Uso uonekane? Akikataa, mketishe dirisha likiwa nyuma yake, punguza mwanga mpaka uso uwe mweusi kabisa, na hakikisha kwenye kioo. Kumbuka sauti yake pia hutambulika. Akibadili nia hata baada ya kumaliza, futa mbele ya macho yake.

Picha nzuri tutaipata siku nyingine. Usalama wake hauna siku nyingine.



(Muziki.)