Jirani na Mpita Njia



Mjini Dar es Salaam, kijana humwachia kiti ndani ya daladala mzee asiyemjua, akambebea na kikapu hadi kituoni. Jioni kijana huyohuyo hupita mlangoni pa jirani yake bila ya salamu, kwa ugomvi wa zamani wa foleni ya bomba. Mbona wema umekuwa mwepesi kwa mgeni, mzito kwa jirani? Kwa kuwa wema wa safarini huisha kituoni. Wa jirani hudaiwa kila asubuhi.

Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa, aya ya 36, ametuamrisha kuwafanyia ihsani jirani wa karibu, jirani wa mbali na msafiri, wote pamoja. Naye Mtume (S.A.W.) alimwagiza Abu Dharri azidishe maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani. Tena alikataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Na mbora wa wawili hao ni yule aanzaye kutoa salamu.

Basi tutokapo msikitini leo, tusingoje kusalimiwa. Twende tukabishe hodi. Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu. Amin.