Ofisi ya Miradi na Njia ya Habari Katika Vyama
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama, Mwera)



Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika Hamburg ni 200 tu iliyokuwa hai. Ilipofika Tanga ilibaki 62. Miche hiyo 62 ikapandwa Kikogwe, kusini ya Mto Pangani, upande huu huu wa Mwera, na ndiyo asili ya mkonge wa Tanganyika, nchi iliyokuja kuzalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960. Habari za mmea ule Hindorf alizisoma katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza.

Jambo la kutazamwa hapa si mkonge, bali hesabu. Miche ilihesabiwa njiani, na hesabu ikaandikwa. Kwa hiyo hata leo hujulikana ni mingapi iliyokufa, na katika sehemu ipi ya safari.

Hesabu ya namna hiyo ni adimu katika miradi ya vyama vya msingi. Na uchukuliwe mfano wa ujenzi wa ghala. Mkutano mkuu huupitisha kwa vifijo. Baadaye katibu ndiye ajuaye mifuko ya saruji iliyopokelewa, mweka hazina ndiye ajuaye fedha iliyotoka, fundi ndiye ajuaye ukuta ulipofikia, na mjumbe mmoja wa bodi ndiye aliyesikia ahadi ya halmashauri ya wilaya. Kila mmoja ana kipande chake cha habari, na hakuna mwenye habari nzima. Mwanachama, ambaye fedha ni yake, hupata habari siku anapotakiwa kuchanga mara ya pili. Hapo ndipo manung'uniko huzaliwa, na mara nyingi hakuna aliyeiba kitu.

Watu wa Mwera, ambao kwa miaka mingi wamevuka Bweni kwa kivuko ili kufika mjini Pangani, hawahitaji kufundishwa jinsi barua inavyoweza kuchelewa. Simu ya mkononi imefupisha njia hiyo, lakini haikuleta kumbukumbu. Neno lililosemwa kwa simu halina jalada, na katibu akibadilishwa huondoka nalo.

Dawa inayopendekezwa ni ofisi ndogo ya kusimamia miradi, iliyo chini ya chama kikuu, ikivitumikia vyama vyote wanachama. Wazo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1955 Jeshi la Majini la Marekani liliunda Ofisi ya Miradi Maalumu, iliyokuja kusimamia makombora ya Polaris, na mwaka 1958 ofisi hiyo ikatoa njia ya kuchora kazi zote katika chati moja, ili ionekane ipi inaisubiri ipi. Yafaa kuongeza kwamba wachunguzi waliokuja baadaye waliona kuwa chati zile zilisaidia sana kuwatuliza wakubwa na wakaguzi, kuliko zilivyoharakisha kazi. Ofisi ya miradi inayopamba ukuta kwa michoro haina faida kwa mkulima wa mnazi wala wa korosho.

Katika nchi hii kuna funzo zito zaidi, nalo ni Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 wataalamu walizunguka Tanganyika kwa majuma machache tu, wakapendekeza kulimwa ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa wakati bandari na reli hazikuwa tayari kuyapokea; mvua haikutosha; udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Waliokuwa shambani waliyaona hayo mapema, lakini makadirio yaliyofanywa London yaliendelea kushikiliwa. Amri zilishuka upesi, habari zikapanda polepole. Mpango ulifutwa Januari 1951, na kiasi cha pauni milioni 36 zikawa zimepotea.

Wapo wazee watakaosema kwamba ofisi mpya ni mdomo mwingine wa kulishwa. Hofu yao ina msingi. Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, mazao yakawekwa chini ya mamlaka za mazao, na mkulima akawa mbali zaidi na mahali palipoamuliwa bei na malipo yake. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu, lakini aliyepata kunyang'anywa chama chake hawezi kulaumiwa kwa kuuliza maswali.

Kwa sababu hiyo mipaka ya ofisi hii lazima iandikwe kabla ya mtu yeyote kuajiriwa. Isishike fedha. Isitoe amri kwa katibu wala kuchukua nafasi ya bodi. Kazi yake iwe kutunza daftari moja la kila mradi: nini kiliamuliwa na mkutano gani, nani amekabidhiwa, lini kitimizwe, na nini kimezuia. Katibu apeleke taarifa ya ukurasa mmoja kila mwezi, hata kama hakuna kilichofanyika. Ukurasa usemao "hakuna saruji" una thamani kuliko ukimya wa miezi mitatu. Ofisi nayo iwe na wajibu wa kujibu kwa maandishi katika muda uliowekwa, kwani katibu aandikaye asijibiwe huacha kuandika, na ni haki yake kuacha. Nakala ya majibu ibandikwe kwenye ubao wa chama, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na tarakimu za fedha, mahali ambapo mwanachama aletaye nazi au korosho atapita na kusoma.

Watumishi wawili wanatosha kwa kuanzia, mmoja wao akiwa mwenye kuzoea vitabu vya hesabu. Ofisi ijaribiwe kwa msimu mmoja, katika vyama vitatu au vinne ambavyo tayari vina ujenzi usiokamilika. Msimu ukiisha, mkutano mkuu wa chama kikuu uletewe daftari lenyewe, si hotuba juu ya daftari, na wajumbe waamue kama ofisi iendelee au ifungwe.