Baridi Yabisi na Maumivu Yasiyokwisha



Siku ya kununua hisa tunao wenzetu ambao hata kuhesabu noti ni taabu, vidole vimevimba. Kupukuchua mahindi hawawezi tena. Tunaambiana, "Ni baridi tu hiyo." Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, nani atabisha? Na jina lenyewe, baridi yabisi, linatupoteza. Ugonjwa huu hauletwi na baridi, wala mtu hakurogwa. Ni askari wa mwili, wale wa kupigana na maradhi, wanageuka na kushambulia viungo. Sisi wanawake unatupata mara mbili hata tatu zaidi ya wanaume.

Mara nyingi huanzia vidoleni, mikono yote miwili, na asubuhi viungo hukakamaa saa nzima au zaidi ndipo vilegee. Ukiona hivyo wiki hadi wiki, nenda ukapimwe.

Hapa mjini Tunduma dawa ya maumivu haina shida kupatikana. Mtu anameza diklofenaki mwaka mzima. Maumivu yanatulia, huku ugonjwa unakula kiungo chini kwa chini, na tumbo na figo navyo vinaumia. Predinisoloni nayo huonekana kama muujiza, kumbe ikizoeleka hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Wala usiiache ghafla bila daktari.

Dawa ya kuuzuia ugonjwa wenyewe ipo, kama methotreksati. Jamani, hiyo humezwa mara moja kwa wiki! Ukimeza kila siku inaweza kukuua. Huendana na vidonge vya foliki asidi na kupima damu, na mwenye mimba au anayeitafuta haitumii. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa.

Wapo pia ambao uvimbe umekwisha ila maumivu yamebaki, kwa sababu mishipa ya fahamu imekuwa nyepesi mno kuhisi. Huyo hadeki. Mazoezi mepesi na usingizi humsaidia kuliko kuongezewa vidonge.

Ombi letu: mfuko wa jamii, ambao miaka kumi umetusitiri kwenye misiba, ulipe pia nauli ya Vwawa au Mbeya na gharama za vipimo, kabla vidole havijapinda. Hoja tutaileta mkutano ujao.