Chanzo Mkononi mwa Mwalimu: Mafunzo Kazini na Ufundishaji wa Historia kwa Kiswahili



Chini ya mtaala mpya, wanafunzi wa kidato cha kwanza wa Tanzania Bara wameanza kusoma somo la lazima liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili, nao wanalisoma kwa Kiswahili. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, mtoto aliyetoka shule ya msingi akijua kumsimulia Chifu Mkwawa wa Wahehe kwa ufasaha aliingia sekondari akaanza kumnakili Mkwawa huyo huyo ubaoni kwa Kiingereza, akamkariri kwa ajili ya mtihani, kisha akamsahau. Sasa mtoto huyo anaweza kuuliza swali darasani kwa lugha anayoiwazia. Nalipokea badiliko hili kwa furaha kubwa, na wasiwasi nitakaoueleza leo unatokana na furaha hiyo.

Mwanafunzi akipata lugha ya kuulizia, mwalimu naye hana budi kupata cha kujibia. Mwalimu wetu wa historia alisomea shahada yake kwa Kiingereza, maandalio yake ya miaka yote ni ya Kiingereza, na vitabu vya rejea alivyovitegemea ni vya Kiingereza. Tumempa muhtasari mpya, kitabu cha kiada na semina ya siku chache, tukamwambia aingie darasani. Nasema kwa heshima kwa wote waliotoa jasho katika kazi hiyo: havitoshi. Mwalimu wa historia, na wa fasihi pia, hukua kitaaluma pale anapokuwa na chanzo mkononi, yaani maandishi au simulizi za watu wa wakati ule wenyewe, na wenzake wa kukisoma naye. Mambo haya mawili ndiyo yanayokosekana.

Semina zetu tunazijua. Wawezeshaji wa kitaifa huwafundisha wa mkoa, wa mkoa wakawafundisha wa wilaya, na wa wilaya wakamfundisha mwalimu mmoja kwa niaba ya shule nzima. Mada ikishuka ngazi tatu hupungua, na kinachofika chini mara nyingi ni namna ya kujaza andalio la somo. Kibaya zaidi, mwalimu wa historia hupewa mafunzo yale yale ya mwalimu wa fizikia: mbinu shirikishi, kazi za vikundi, bangokitita na kalamu za rangi. Mbinu hizo ni nzuri. Lakini ukiwagawa wanafunzi sitini katika vikundi kumi kujadili sababu za Vita vya Majimaji bila kuwapa hata ukurasa mmoja wa kusoma, watajadili nini? Watarudia sababu tano zilizomo kitabuni, kila kikundi kitaziandika kwa rangi yake, na kipindi kitakuwa kimekwisha.

Muundo bora zaidi tunao tayari. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunayoyaita MEWAKA, yanamtaka mwalimu ajifunze shuleni kwake, katika jumuiya ya ujifunzaji pamoja na wenzake, huku Vituo vya Walimu vikiwaunganisha walimu wa shule za jirani. Naunga mkono mpango huu kwa moyo wote, kwa sababu unamkuta mwalimu pale kazi yake ilipo. Ila jumuiya isiyo na kitu cha kusoma huishia kuwa kikao cha wafanyakazi. Inaanza na mada, inahamia kwenye wachelewaji na sare za wanafunzi, inamalizika kwa matangazo. Wakiweka andiko moja gumu katikati ya meza, watu wale wale watabishana mpaka kengele iwakute.

Niruhusuni nioneshe ninachokusudia kwa mfano mmoja kamili. Vita vya Majimaji, vya kupinga utawala wa Wajerumani, vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, pale watu wa Nandete walipong'oa miche ya pamba. Kila mwanafunzi anajua kuhusu maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi. Sasa chukua karatasi nne.

Karatasi ya kwanza ni ushuhuda wa wazee wa Umatumbi. Mwaka 1968 Gilbert Gwassa na John Iliffe walichapisha kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo kupitia Chama cha Historia cha Tanzania, na ndani yake wazee waliokuwa bado hai wanaeleza kilimo cha pamba cha lazima, akida, viboko na shamba la mtu mwenyewe lililoachwa likaota majani. Karatasi ya pili ni beti chache za utenzi wa vita hivyo uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambao mtaalamu wa Kiswahili Whiteley aliutoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Huyu ni mtu wa mji wa pwani, naye hawaoni wapiganaji kwa jicho lile la wazee wa vilimani. Karatasi ya tatu ni aya moja, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kutoka kitabu alichokichapa gavana wa Kijerumani von Götzen mwaka 1909 kujieleza mbele ya Wajerumani wenzake. Karatasi ya nne ina tarakimu tu: makadirio ya Wajerumani ya waliokufa, watu 75,000, na makadirio ya Gwassa, kati ya 250,000 na 300,000.

Mwalimu hahitaji kuhutubia hapa. Anauliza: nani anasema? Alikuwa wapi? Anamwambia nani, na anataka aaminiwe kwa jambo gani? Mwanafunzi wa kidato cha pili atagundua mwenyewe kwamba wazee wanazungumzia pamba na viboko, ilhali gavana anatafuta wachochezi. Atauliza kwa nini mshairi Mwafrika hawasifu Waafrika wenzake waliopigana. Hilo ni swali la thamani kuliko majibu yote yaliyomo kitabuni, na mwalimu asiyewahi kulijadili na wenzake atalizima kwa hofu. Kisha darasa litafika kwenye zile tarakimu, na tofauti kati yake itawapeleka kwenye njaa: mashamba na maghala yaliyochomwa na jeshi la kikoloni, na maelfu waliokufa majumbani mwao risasi zikiwa zimenyamaza. Aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 anahesabiwa au hahesabiwi? Hapo ndipo maadili yanapoingia katika historia, kwa njia ya kuuliza ni kifo cha nani kimeandikwa na cha nani kimeachwa.

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, anaingia hapo hapo. Hussein alieleza waziwazi kwamba mhusika wake ni zao la sanaa, hata kama jina na tukio vimetoka katika historia. Walimu wawili wakikaa pamoja mchana mmoja, mmoja na kitabu cha tamthilia na mwingine na zile karatasi nne, watapata kazi ya wiki mbili kwa masomo yote mawili. Na kama shule ipo Ruvuma, Makumbusho ya Majimaji yapo Songea, mahali ambapo kila Februari 27 wanakumbukwa viongozi wa Wangoni walionyongwa mwaka 1906. Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama hapo Novemba 2023 akaomba radhi. Tukio hilo nalo ni chanzo: linaonesha kwamba hoja hii haijafungwa.

Nimechagua Majimaji kwa sababu taifa zima linaafikiana kuwaenzi mashujaa wake. Mtihani wa kweli wa mwalimu uko kwenye yale tusiyoafikiana.

Chukueni biashara ya watumwa. Tunayo kwa Kiswahili tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905: kitabu cha mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa anayesimulia misafara, vita na mapatano yake kutoka pwani hadi Kongo bila kuona haya. Kwa upande wa pili ipo simulizi ya Swema, msichana wa Kiyao aliyeuzwa, akafikishwa Zanzibar akiwa nusu mfu, akazikwa angali hai, akaokolewa na kupelekwa kwa masista wa misheni ya Kikatoliki, ambako habari zake ziliandikwa kwa Kifaransa katika miaka ya 1860. Weka maandiko haya mawili mbele ya darasa la Bagamoyo, Tabora au Ujiji, lenye Waislamu na Wakristo, watoto wa koo zilizouza na koo zilizouzwa. Hata Swema tunamsikia kupitia kalamu ya wamisionari waliokuwa na kusudi lao, na hilo pia mwanafunzi anapaswa kulipima.

Nimeona walimu wazuri wakikimbia somo hili. Wanaandika ubaoni athari sita za biashara ya utumwa na kusonga mbele. Siwalaumu. Mwanafunzi mmoja akimnyooshea mwenzake kidole kwa sababu ya dini yake au ya kabila lake, mwalimu yuko peke yake mbele ya watu sitini, na hakuna semina iliyomwandaa kwa dakika hiyo. Mafunzo ninayoyataka yangemkalisha mwalimu huyo na wenzake watano, wakayasoma maandiko hayo, wakabishana wao kwanza, wakaumia wao kwanza, wakakubaliana maneno ya kutumia na ya kuepuka. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwezeshaji anayepita. Inafanywa na watu wanaoaminiana, na kuaminiana huja kwa kukutana mara kwa mara.

Mtaniuliza gharama. Karatasi nne zinarudufiwa hata katika Kituo cha Walimu kilicho chakavu. Zaidi ya hapo, baada ya Sensa ya 2022 Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Vifaa vipo. Kinachokosekana ni cha kuweka ndani yake kilichochaguliwa kwa makini na kuhaririwa kwa Kiswahili ambacho mtoto wa miaka kumi na minne anakielewa. *Desturi za Waswahili* ya Mtoro bin Mwinyi Bakari ilichapwa mwaka 1903, na inaeleza maisha ya pwani ya Mrima kwa undani usio na mfano. Ni walimu wangapi wa sekondari wameishika? *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert unafundisha fasihi, historia ya Zanzibar ya kikoloni na muziki kwa pamoja, na sahani za santuri ambazo mwimbaji huyo alianza kuzirekodi Bombay mwaka 1928 zinaweza kusikilizwa darasani. Hazina hii imelala kwenye makabati ya vyuo, na baadhi yake iko Ulaya.

Hapa lawama ni yetu sisi wa vyuo vikuu. Waliotutangulia walijua wajibu wao. Chama cha Historia katika miaka ya 1960 kiliandika vijitabu vyepesi kwa ajili ya shule, na mwaka 1969 Kimambo na Temu wakahariri historia ya Tanzania kwa niaba ya chama hicho, kitabu kilichowatoa walimu katika historia ya magavana. Katika mradi wa utafiti wa Majimaji wa mwaka 1968 wanafunzi wa chuo walitumwa kwao kuwahoji wazee, na kazi zao zikakusanywa. Sisi leo tunaandika makala za majarida ya nje yanayosomwa na watu thelathini, na kupandishwa kwetu vyeo kunahesabu hizo makala tu. Mwalimu wa Nachingwea hawezi kuzisoma, na hata akizisoma hazimsaidii kesho asubuhi.

Kuna jambo moja lenye nguvu kuliko semina kumi. Baraza la Mitihani likiweka katika kila mtihani wa kidato cha nne andiko moja ambalo mwanafunzi hajawahi kuliona, likamtaka aseme ni la nani, linaegemea wapi na halisemi nini, ufundishaji utabadilika ndani ya miaka miwili. Mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Ndivyo anavyopimwa na mkuu wa shule, na wazazi, na mthibiti ubora. Tukiendelea kuuliza "taja na ueleze", tutaendelea kupata walioimeza orodha.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, kila moja kwa mhusika wake. Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania: andaeni mkusanyo wa vyanzo vya historia yetu kwa Kiswahili, mfupi, wenye maelezo ya mwalimu, na uwekwe katika maktaba yenu ya mtandaoni na katika kila kishikwambi. Kwa uongozi wa chuo hiki: kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mwalimu wa shule kihesabiwe anapopandishwa cheo mhadhiri, na idara zetu za Historia na Kiswahili zipewe jukumu la kulea angalau Vituo vya Walimu vya mkoa huu. Na kwenu ndugu walimu: msitungoje. Jumuiya yenu ya ujifunzaji inakutana wiki ijayo. Nendeni na andiko moja, lisomwe kwa sauti, mbishane. Karatasi nne za Majimaji nilizozitaja zimerudufiwa na ziko kwenye meza mlangoni. Kila shule ichukue seti moja.