Utepe wa Kiunoni: Kujua Kama Unene Unapungua



Kuna watu wazima wasioogopa sindano lakini wanaoogopa mizani. Mtu ameambiwa apunguze unene kwa sababu presha imepanda, au sukari imeanza kukaribia mpaka. Ameacha soda, mandazi ya asubuhi yametoka matatu hadi moja, na anakwenda sokoni kwa miguu badala ya kupanda bodaboda. Baada ya mwezi anapanda mizani, na mizani inampa kilo zilezile. Jioni hiyo anarudia mandazi yake matatu, na pengine kliniki harudi tena. Presha inabaki huko juu bila mtu wa kuiangalia. Watu wa namna hii hawakosi bidii. Wanachokosa ni shahidi wa haki wa kuwaambia kwamba bidii yao inafanya kazi, na shahidi huyo yupo katika kila duka la fundi cherehani: utepe wa kupimia nguo.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliohusu magonjwa yasiyoambukiza, ulikuta hali hiyo kwa asilimia 27 ya watu wazima: wanawake asilimia 38.5, wanaume asilimia 17.5. Wanaume wasifurahie hesabu hiyo haraka. Ilitokana na uzito na urefu, na wanaume wengi huweka mafuta yao mahali pamoja tu, mbele ya mshipi.

Mafuta ya mwilini hayako sawa. Yale ya chini ya ngozi, kwenye mapaja, makalio na mikono, ndiyo yanayoonekana zaidi, lakini si yenye madhara zaidi. Yenye madhara ni yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na matumbo. Hayo huvuruga kazi ya ini, hufanya insulini ishindwe kuingiza sukari kwenye misuli inavyopaswa, na huenda pamoja na presha ya juu na mafuta mabaya katika damu. Daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika kuhusu tofauti hii mwaka 1947: kwamba mahali mafuta yanapokaa mwilini ni jambo zito kama wingi wake. Miaka mingi baadaye utafiti mkubwa wa ugonjwa wa moyo, uliofanyika katika nchi 52 na matokeo yake kuhusu unene kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kiuno kikilinganishwa na nyonga hutabiri shambulio la moyo vizuri zaidi kuliko hesabu ya uzito na urefu.

Mizani haijui lolote kati ya hayo. Inajumlisha mifupa, misuli, mafuta, chakula kilicho tumboni na maji. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo mtu akinywa nusu lita ya chai na kupanda mizani, ameongeza nusu kilo bila kunenepa hata kidogo. Uzito wa mtu yuleyule unaweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa siku. Chumvi nyingi huzuia maji mwilini. Wanawake wengi huvimba kidogo siku za kukaribia hedhi. Na aliyeanza kutembea, kulima au kubeba maji baada ya muda mrefu wa kukaa huanza kujenga misuli huku mafuta yakipungua. Kilo zinaweza kusimama palepale wakati kiuno kinarudi ndani. Mtu wa namna hiyo amefaulu, ila mizani haimwambii.

Upande wa pili wa habari hii una hatari yake. Chai za kupunguza mwili na vidonge vinavyouzwa stendi na mitandaoni mara nyingi huwa na dawa za kuharisha au za kukojoza. Mnunuzi anapanda mizani baada ya siku tatu, amepungua kilo mbili, anashangilia na kununua pakiti ya pili. Alichopoteza ni maji, na akinywa maji yatarudi. Mafuta ya tumboni hayajaguswa, na figo zimesumbuliwa bure. Mshipi wa kubana tumbo nao unasukuma nyama upande, basi. Ukifunguliwa, kiuno ni kilekile.

Sasa namna ya kupima, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Vipimo vya namna mbili haviwezi kulinganishwa, hata kama ni vya mtu mmoja.

Kiuno kinachotafutwa si pale mshipi unapofungwa. Mwanamume mwenye kitambi hufunga suruali chini ya tumbo, na anaweza kuapa kwamba tangu amalize shule huvaa namba 34. Ni kweli, suruali ni 34. Tumbo lililolala juu ya mshipi linaweza kuwa inchi 41. Kitovu nacho hakiaminiki, kwa sababu tumbo likiwa kubwa kitovu hushuka nalo. Anayepima atafute kwa vidole mbavu ya mwisho ubavuni, kisha atafute ncha ya juu ya mfupa wa nyonga upande uleule. Utepe upite katikati ya sehemu hizo mbili, uzunguke mwili wote ukiwa sambamba na sakafu, usipande mgongoni wala kushuka mbele. Mpimwaji asimame wima, miguu ikaribiane, mikono iwe kando. Apumue kawaida, na kipimo kisomwe mwisho wa kutoa pumzi. Tumbo lisivutwe ndani. Kila mtu hulivuta, hata wauguzi wakipimana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo dawa yake ni kumpa mpimwaji jambo la kuzungumza kisha kusoma akimaliza sentensi.

Utepe uguse ngozi bila kuikata. Kama lazima pawe na nguo, iwe moja nyepesi, na iwe hiyo hiyo kila mara. Leso iliyofungwa mara mbili huongeza sentimita kadhaa. Ni vizuri kupima asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya chai. Kipimo kichukuliwe mara mbili, na kama vinatofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, kirudiwe tena. Utepe wa kitambaa uliotumika miaka mingi hunyooka, kwa hiyo ulinganishwe na rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 kabla ya kuaminiwa.

Asiyesoma namba hajaachwa nje. Achukue uzi usiovutika, mtu mwingine ampime nao kutoka utosini hadi kisiginoni akiwa ameegemea ukuta bila viatu, kisha uzi ukatwe hapo. Uzi huo ukunjwe katikati. Nusu hiyo izungushwe kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno hakijazidi nusu ya urefu wake. Zisipokutana, kimezidi, na pengo lililobaki ndilo la kufanyiwa kazi. Kila baada ya wiki mbili uzi ule ule unazungushwa tena, na pengo linapimwa kwa vidole: vidole vinne, vitatu, viwili. Bibi anaweza kumfuatilia babu kwa njia hii mwaka mzima bila kuandika herufi moja, na mjukuu akaangalia.

Kanuni hiyo ya nusu ya urefu inatumika pia na wataalamu, kwa kuwa inamtendea haki mfupi na mrefu. Mama mwenye urefu wa sentimita 160 analenga kiuno kisichofika 80. Zaidi ya hapo kuna mipaka ambayo Shirika la Afya Duniani limeieleza kwa muda mrefu: hatari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huongezeka sana kikizidi 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanamume. Kwa anayetumia inchi za fundi, 94 ni inchi 37 hivi na 102 ni inchi 40. Aliye juu ya mipaka hiyo asisubiri dalili. Apimwe presha na sukari, kwa sababu zote mbili zinaweza kukaa miaka bila kuuma popote.

Nyonga nazo zipimwe, pale makalio yalipojaa zaidi, na anayependa apime katikati ya mkono na paja.  Vinasaidia kuona mwili unavyobadilika, kwa sababu haupungui kila mahali kwa pamoja. Wengine huanza usoni na mikononi, na nyonga za wanawake wengi huchelewa kuliko sehemu zote. Mwanamke anayepima nyonga peke yake anaweza kukata tamaa wakati kiuno chake tayari kimeshuka.

Kwa mfano, mama wa sentimita 160 aanze na kilo 84 na kiuno cha sentimita 96. Wiki ya pili kilo ni 84, kiuno 95. Wiki ya nne kilo zimepanda hadi 84.5, kiuno 94. Wiki ya sita kilo 83, kiuno bado 94. Wiki ya nane kilo 82, kiuno 92. Akiangalia mizani peke yake, mwezi wa kwanza ulikuwa wa hasara. Utepe umempa sentimita nne kwa miezi miwili, na hiyo ni kazi nzuri kwa mtu aliyeacha soda na kutembea dakika 30 siku tano za wiki. Wala hahitaji kufika 80 ndipo afaidike. Kupungua kwa asilimia 5 tu ya uzito, kwake kilo nne na kidogo, kunaweza kushusha presha na kusaidia sukari.

Kupima kila siku kunachosha akili bure, kwani kosa la mkono peke yake linaweza kuwa sentimita moja. Wiki mbili zinatosha, na kwa mwanamke anayeona hedhi ni bora kulinganisha kipimo na kile cha siku zile zile za mzunguko uliopita. Vitatu mfululizo vikibaki palepale, hapo ndipo pa kutazama sahani upya. Mara nyingi kilichojificha ni sukari ya chai: vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12 ambavyo mtu hahesabu kama chakula. Au ni ugali uliobaki ukubwa uleule huku sukuma wiki na maharagwe vikiwa kijiko kimoja pembeni.

Wapo ambao utepe huu si wao. Mjamzito asipimwe kiuno kwa nia ya kupungua, na aliyejifungua karibuni aupe mwili muda. Watoto wana vipimo vyao, na ule utepe wa rangi tatu wanaofungwa mkononi na wahudumu wa afya ni wa kutambua utapiamlo, wala hauhusiani na haya. Mtu ambaye tumbo linakua huku mikono na mashavu yanakonda, au miguu inavimba, asihesabu hayo kuwa unene: huenda ni maji tumboni, na anahitaji daktari. Naye anayepungua haraka bila kubadilisha chochote, anakojoa mara nyingi, anatoka jasho usiku au anakohoa wiki mbili, asipongezwe. Apelekwe kituo cha afya apimwe kisukari na kifua kikuu.

Hofu hiyo ya mwisho inaeleza jambo ambalo wengi hawalisemi hadharani. Kuna waliokataa kupungua kwa sababu ya midomo ya majirani. Miaka ya ukimwi kabla ya dawa kupatikana, kukonda kulikuwa habari ya kunong'onwa, na mpaka leo aliyepungua kilo tano huulizwa kama anaumwa. Kitambi kwa upande wake kiliitwa baraka, ishara ya mtu aliyefanikiwa. Mke humsifu mume kwa tumbo kwa sababu linaonyesha kwamba nyumbani kuna chakula. Hapa daftari la vipimo lina faida ambayo si ya kitabibu. Anayeulizwa ana cha kuonyesha: tarehe, kiuno, presha ikishuka pamoja nacho.

Tepe ziko kwenye meza iliyo karibu na lango. Wanawake watapimwa chumbani na wahudumu wa kike, wanaume upande wa pili wa pazia. Atakayekutwa juu ya mipaka iliyotajwa atapimwa presha na sukari hapo hapo. Uzi pia upo, umekatwa mrefu wa kutosha hata kwa warefu. Anayetumia dawa za presha au kisukari asiache wala asipunguze dozi kwa sababu kiuno kimeshuka. Aende na vipimo vyake kliniki, daktari ndiye atakayeamua.