Maji ya Zahanati Yako Ukurasa Gani? Wajibu wa Mwananchi katika Serikali za Kaunti za Meru na Embu

Utangulizi

Kaunti zetu mbili zinajulikana kwa kung'oa magavana. Februari 2014, Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza nchini Kenya kuondolewa na Seneti, ingawa mahakama ilimrejesha kazini. Agosti 2024, Seneti ilimwondoa Kawira Mwangaza wa Meru, baada ya majaribio mawili ya bunge la kaunti kugonga mwamba. Hoja yangu ni moja: kumng'oa kiongozi ni dawa ya mwisho. Kazi yetu huanza mapema, fedha zikiwa bado kwenye karatasi.

Msingi wa wajibu huu

Katiba ya 2010, Kifungu cha 1, inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Tarehe zinajulikana: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili.

Kuketi na kuamua pamoja si jambo geni kwetu. Njuri Ncheke ya Wameru, yenye makao yake Nchiru, imeamua mambo ya jamii kwa vizazi vingi. Lakini hilo ni baraza la wazee wanaume. Katiba imewapa akina mama na vijana nafasi sawa ya kusema.

Tunapokosea

Mwaka mmoja nilihudhuria kikao cha bajeti cha wadi. Tuliitwa saa nne, kikaanza saa saba. Kitabu cha makadirio kilikuwa kimoja tu, mezani, kwa Kiingereza. Daftari la mahudhurio lilitufikia kabla ya maelezo. Mama mmoja aliyetoka kuchuma majani chai akauliza, "Maji ya zahanati yako ukurasa gani?" Hakuna aliyemjibu. Sisi tuliosoma tulikuwa tumekaa pale pale, tukanyamaza. Tulitia sahihi, tukanywa soda, tukaenda zetu. Sahihi zile ndizo zilizobaki kuwa ushahidi kwamba wananchi walishauriwa.

Mapendekezo

1. Kila chama, kanisa, msikiti na kikundi cha vijana kiteue watu wawili wa kusoma mpango wa kaunti na kuwaeleza wenzao.

2. Tutumie Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachotupa haki ya kupata habari, kudai nyaraka kabla ya kikao, na maelezo yatolewe kwa Kiswahili, Kimeru, Kiembu na Kimbeere.

3. Maoni yaandikwe, yapokelewe kwa muhuri, na nakala ibaki kijijini.

4. Mradi ukitangazwa kuwa umekamilika, twende tukafungue bomba wenyewe.

Hitimisho

Kiongozi mbaya hustawi palipo na kimya, na kimya kile cha ukumbini kilikuwa chetu. Mama yule akiuliza tena, pawe na jirani aliyekwisha kuusoma ukurasa ule, amsomee kwa sauti mbele ya wote. Na kama maji hayamo, tusitie sahihi kabla ya kuyadai kwa maandishi.