Msaidizi Alisema Mara Tatu

Ndege ikikaribia kutua kisha ikapaa tena, abiria hunung'unika kwamba rubani hajui kazi. Mimi humsifu.

Tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express kutoka Dubai ilifika Mangalore, India, asubuhi na mapema. Uwanja wa pale uko juu ya kilima. Njia ya kutulia ikiisha, ni bonde. Kinasa sauti kilinasa mkoromo wa rubani mkuu, aliyelala zaidi ya saa moja na nusu. Alipoamka na kuanza kushuka, ndege ilikuwa juu mno. Rubani msaidizi alimwambia mara tatu wapae tena. Mkubwa akashuka tu. Magurudumu yaligusa ardhi zaidi ya nusu ya njia ikiwa imekwisha kupita, ndege ikatumbukia bondeni na kuwaka moto. Kati ya watu 166, walipona 8.

Usingizi naweza kuuelewa. Linaloniumiza ni yule msaidizi, maana naye alikuwa na usukani mbele yake. Wachunguzi waliona kuwa huenda hakuushika kwa sababu maagizo ya kumruhusu hayakuwa wazi. Maagizo! Kijana aone bonde, asubiri ruhusa ya mkubwa wake!

Basi nauliza mashirika ya ndege, hata yaliyo kwetu: msaidizi akimnyang'anya mkubwa usukani na ndege ikatua salama, kesho yake ofisini huambiwa nini?